Gurudumu kwenye koti: vilabu vya huduma vilianzaje, na kwa nini Lubumbashi tunaviita loji

Ilikuwa kwenye matanga, kule Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Turubai limefungwa kati ya ukuta na mwembe, viti vya plastiki vimejaa hadi barabarani, wamama wako ndani na nyimbo zao. Mara gari likasimama, wakashuka wanaume saba waliovaa suti. Wakaenda moja kwa moja hadi mbele ya picha ya marehemu, wakasimama mstari mmoja, kimya, labda dakika nzima. Kisha mmoja wao akatia bahasha kwenye kikapu, wakasalimia familia, wakaondoka. Hawakukaa wala hawakusali. Kila mmoja alikuwa na kitu kidogo kinachong'aa kwenye kola ya koti: gurudumu la rangi ya dhahabu na bluu.

Mama niliyeketi karibu naye akaniinamia. "Mwana yangu, bale ni bantu ya loji. Haumone ile kintu iko ku koti yabo?"

Nikamwambia si wa loji, yaani Wamasoni na ibada zao za siri; ni watu wa Rotary, klabu ya kuhudumia watu, na marehemu alikuwa mwenzao. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyedanganywa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio. Wapo wanaosema Rotary na Lions ni loji zilizobadilisha nguo. Wapo wanaosema ni ONG, shirika lisilo la serikali, ya Wamarekani, kwa hiyo lazima kuna ofisi ya kupeleka barua ya kuomba kazi. Na wapo wanaosema ni meza ya mabosi wanaopeana masoko, yaani kazi na wateja, wao kwa wao, sisi wengine tukiletewa picha za kukabidhi madaftari. Ajabu ni kwamba hayo ya mwisho, ambayo husemwa kwa hasira zaidi, ndiyo yaliyo karibu zaidi na ukweli wa mwanzo wa mambo haya. Kwa hiyo tuanzie huko mwanzo.

Lakini kwanza neno lenyewe. Wanaozungumza Kifaransa husema "club service", nasi tuite klabu ya huduma. Ni kikundi cha watu wenye kazi mbalimbali wanaokutana kwa ratiba maalumu, wanaotoa ada kutoka mifukoni mwao, na wanaofanya kazi kwa faida ya watu wasio wanachama. Sehemu ya mwisho ndiyo ya kushika. Mutuelle ya watu wa kabila moja au wa kijiji kimoja husaidia wanachama wake: ukifiwa wanakuja, ukioa wanachanga. ONG husaidia wengine, lakini ina wafanyakazi wa mshahara na wafadhili wanaodai ripoti. Klabu ya huduma iko katikati: haina kazi ya kumpa mtu, wala haimwahidi mwanachama wake bati wala jeneza.

Kati ya vilabu hivi, Rotary ndiyo iliyotangulia, na Lions na Kiwanis zikafuata. Vyote vitatu vilizaliwa Marekani ndani ya miaka 12, na historia zao zinafanana kiasi cha kuchekesha.

Likilimba ya Chicago

Kila mtu hapa anaijua likilimba, ile ambayo Tanzania huitwa mchezo au upatu. Wamama 10 wa sokoni, kila mmoja anatoa dola 20 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao anaondoka na dola 200. Pesa inazunguka na kurudi, haitoki nje ya duara. Sasa fikiria siku moja mmoja wao aseme: tuendelee kukutana, lakini zamu ya mwezi huu tutengeneze paa la shule ile ya pale kona. Watabishana. Mmoja atasema mwanawe hasomi pale. Mwingine atauliza likilimba imeanza lini kuwa parokia. Wakikubali, kitu kimegeuka, hata kama wanaoketi ni walewale na viti ni vilevile.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Chicago, kati ya mwaka 1905 na 1907.

Chicago ya wakati ule ilikuwa na watu wanaokaribia milioni 2, wengi wao wageni waliovutwa na viwanda, reli na machinjio. Paul Harris alikuwa mwanasheria aliyelelewa na babu na bibi yake katika kijiji cha Wallingford, jimbo la Vermont, mahali ambapo kila mtu alijua jina la baba yako. Alihamia Chicago mwaka 1896, na mji ukamwonyesha kitu ambacho mtu yeyote aliyetoka Kasenga au Kaniama akashukia hapa Lubumbashi anakifahamu: unaweza kuzungukwa na watu maelfu usipate wa kukuuliza umelalaje. Mwaka 1900, jioni moja, alitembea na mwanasheria mwenzake katika mtaa wa Rogers Park. Mwenzake akawa anasimama duka hadi duka akisalimiana na wenye maduka kwa majina. Harris akaona kijiji ndani ya mji. Wazo hilo alikaa nalo miaka mitano.

Tarehe 23 Februari 1905 wakakutana watu wanne: Harris mwenyewe, Silvester Schiele aliyeuza makaa ya mawe, Gustavus Loehr aliyekuwa injinia wa migodi, na Hiram Shorey, fundi cherehani. Walikaa katika ofisi ndogo ya Loehr, chumba namba 711 cha jengo lililoitwa Unity, barabara ya Dearborn. Injinia wa migodi, muuza makaa, fundi cherehani na mwanasheria: ukiwatafuta leo kati ya Kamalondo na katikati ya mji, utawapata wote kabla ya saa sita mchana.

Mkutano mwingine walikwenda kwa Schiele, kwenye yadi yake ya makaa. Baadaye kwa mwingine, kisha kwa mwingine tena. Jina Rotary likatokana na huko kuzunguka, kila mmoja na zamu yake ya kuwapokea wenzake. Ndiyo maana nimeanza na likilimba, na wala sikuitumia kama pambo.

Sasa walifanya nini huko kwenye mikutano? Hapa watetezi wa Rotary hupenda kuruka haraka, mimi nitakaa kidogo. Katiba yao ya kwanza, ya mwaka 1906, ilikuwa na malengo mawili tu: kukuza biashara za wanachama, na kukuza urafiki kati yao. Kulikuwa na kanuni kwamba kila kazi ina mtu mmoja. Ukishaingia mwanasheria, mwanasheria mwingine haingii; ukishaingia mwuza makaa, basi. Kwa nini? Kwa sababu mwanachama akihitaji makaa anajua aende kwa nani. Walikuwa hata na mtu wa takwimu, kazi yake kuandika nani kampelekea nani mteja. Kwa lugha ya hapa: walipeana masoko, tena kwa daftari.

Kwa hiyo yule anayenung'unika kwamba "bale banapeanaka masoko" hakosei kuhusu mwaka 1906. Anakosea kwa kudhani hadithi iliishia hapo.

Mtu aliyekataa

Mwaka huohuo wa 1906 mwanachama mmoja alimwendea Donald Carter, mwanasheria wa hataza, yaani anayeandikisha uvumbuzi wa watu usiibwe, kazi iliyohesabiwa tofauti na ya Harris, akamwalika ajiunge. Carter akaomba asome katiba. Akasoma, akarudisha. Klabu isiyofanya lolote kwa mtu aliye nje yake, alisema, haina maisha marefu. Wangeweza kumwambia kwaheri, maana wanasheria walikuwa hawapungui Chicago. Badala yake walimwambia aingie aandike mwenyewe kinachokosekana. Akaingia, na katiba ikaongezwa lengo la tatu, kuhusu maslahi ya mji wa Chicago na fahari ya wakaaji wake.

Mimi naona huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika hadithi hii, ingawa sanamu na medali ni za Paul Harris. Harris aliwapa sababu ya kukaa pamoja. Carter aliwapa sababu ya kuinuka.

Kazi yao ya kwanza kubwa haikuwa shule wala hospitali. Ilikuwa choo. Chicago haikuwa na vyoo vya umma katikati ya mji, na mwaka 1907 klabu ikaanza kuidai serikali ya mji ivijenge karibu na jumba la halmashauri. Unadhani nani angepinga choo? Walipinga watengeneza bia. Walisema wanaume wana vyoo vya kutosha katika mabaa yote ya mji. Ndiyo, lakini huwezi kuingia baa, ukatumia choo, ukatoka bila kununua. Maduka makubwa nayo yalisema wanawake wanaweza kutumia vyoo vya madukani, na sababu ilikuwa ileile. Mtu wa Lubumbashi haihitaji tafsiri. Nani hapa hajawahi kununua Fanta asiyoitaka ili apewe ufunguo? Vita ile ilichukua kama miaka miwili, klabu ikavuta upande wake makundi mengine ya mji, na vyoo vikajengwa.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. San Francisco ikapata klabu mwaka 1908. Agosti 1910 vilabu 16 vilikutana Chicago vikaunda chama kimoja cha taifa. Mwaka huohuo reli kutoka kusini ilikuwa inafika hapa kwetu na mji wetu unazaliwa, ukiitwa Elisabethville. Vikafuata Winnipeg upande wa Kanada, Dublin, London. Afrika ilianzia Johannesburg mwaka 1921, na Nairobi ikapata yake 1930. Katika Afrika ya wakoloni meza hizo zilikuwa za wazungu, kama zilivyokuwa meza nyingine zote za wakati huo, na tusijifanye tumesahau. Wazo la kwamba Rotary ni ya "bakubwa" halikuanguka kutoka mbinguni.

Gurudumu na klaveti

Turudi kwenye kile kitu cha kwenye koti, maana ndicho kinachowatisha watu.

Gurudumu la kwanza, la mwaka 1905, lilichorwa na mwanachama mmoja aliyekuwa mchonga nakshi, Montague Bear, nalo lilikuwa gurudumu la kawaida la mkokoteni. Likabadilishwa mara kadhaa hadi likawa gurudumu la mashine, lenye meno 24 na spoku 6. Picha hiyo niliionyesha kwenye simu kwa jirani yangu, mzee aliyestaafu katika karakana za reli. Hakuuliza habari za mashetani. Akavaa miwani, akaisogeza simu karibu na uso, akahesabu meno. Kisha akagusa katikati, kwenye tundu. "Hapa kuna njia ya klaveti," akasema.

Klaveti ni kile kipande kidogo cha chuma kinachoingizwa kati ya gurudumu na mhimili wake ili vizunguke pamoja. Bila klaveti, mhimili unazunguka na gurudumu limesimama, au gurudumu linazunguka bure. Mchoro wa zamani haukuwa na hiyo njia, na mainjinia waliokuwa wanachama wakalalamika: gurudumu hili haliwezi kufanya kazi yoyote, linacheza tu! Miaka ya 1920 ikaongezwa. Hiyo ndiyo siri yote ya alama ile. Nilipomweleza mzee akacheka, akasema hata wao karakana walikuwa wakimwita mtu mvivu gurudumu lisilo na klaveti. Sijui kama ni kweli au alilitunga palepale.

Na mkufu? Kila mwezi wa 7 tunaona picha: mtu anamvika mwenzake mkufu mzito wenye vibati, watu wamesimama, kengele imewekwa mezani. Wenyewe huita "remise de collier". Rais wa klabu hukaa mwaka mmoja, kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 30 Juni, na ule mkufu ni kama minyororo wanayovaa mameya huko Ulaya. Vibati mara nyingi vina majina ya marais waliotangulia. Kengele hufungua mkutano na kuufunga. Mimi nakubali kwamba, kwa mtu anayepita nje ya dirisha la hoteli, mambo haya yanaonekana kama kafara. Wangeacha mkufu mwaka mmoja tu, nusu ya uvumi ungekufa. Lakini hayo ni maoni yangu.

Sasa loji yenyewe

Loji ni mahali wanapokutana Wamasoni, yaani franc-maçons. Loji Kuu yao ya kwanza iliundwa London mwaka 1717, miaka karibu 200 kabla ya ile ofisi ya Loehr. Mmasoni anaingizwa kwa ibada maalumu, anakula kiapo, anapanda daraja, na kuna maneno na ishara ambazo asiye mmoja wao hafundishwi. Rotary, Lions na Kiwanis hazina kiapo cha siri wala daraja za kupanda. Majina ya viongozi wao hutangazwa, mikutano yao hupokea wageni, na mwanachama anabaki na dini yake.

Kwa nini basi watu wanachanganya? Sababu zipo, na si ujinga wa mtu.

Kuna historia za wenyewe. Melvin Jones, wakala wa bima aliyeanzisha Lions, alikuwa Mmasoni. Hilo ni kweli, na wanaokanusha wanajiharibia. Ila mtu anaweza kuwa shemasi na pia mchezaji wa mpira, na timu isigeuke kanisa. Kiwanis ndiyo inayochekesha zaidi. Kikundi cha Detroit kilichokuja kuwa Kiwanis kilianza mwaka 1914 kikiwa na jina ambalo, kwa Kiswahili, ni kitu kama Loji Kuu ya Udugu wa Hisani! Enzi hizo Marekani ilijaa vyama vya kusaidiana vilivyojiita loji, vingi vikiwa kama mutuelle zetu tu. Wanachama wa Detroit walilichoka jina hilo upesi, na mwaka 1915 wakaandikishwa kama Kiwanis.

Kuna pia Kanisa. Mwisho wa mwaka 1950 Roma ilitoa amri kwamba mapadre wasijiunge na Rotary, na waumini wakaambiwa wajihadhari na vyama vinavyotiliwa shaka. Katika mji kama wetu, ambako misheni ilisomesha karibu kila familia, neno kama hilo halisahauliki. Kinachosahaulika ni yaliyofuata: mwaka 1979 Rotary ilifanya mkutano wake wa dunia palepale Roma, na Papa Yohane Paulo II akauhutubia. Amri husomwa kanisani, lakini kulegezwa kwake hakutangazwi kwa kipaza sauti.

Na si Wakatoliki peke yao waliowatilia shaka. Serikali ya Hitler iliwashuku watu wa Rotary kwamba wanahusiana na Wamasoni na kwamba utii wao uko nje ya nchi. Vilabu vya Ujerumani vikavunjwa mwaka 1937. Franco aliwapiga marufuku Hispania. Kwa hiyo yule mama wa Katuba yuko na wenzake wengi katika shaka yake, baadhi yao watu ambao asingependa kuketi nao.

Kisha kuna hii ambayo naiona kubwa kuliko zote: kwetu mtu akipata ghafla, au akifa ghafla, sharti kuwe na sababu. Wenye suti wanaokutana jioni ndani ya hoteli, wasiomwalika kila mtu, wanatoa sababu hiyo bure. Kualikwa ndiyo njia ya kawaida ya kuingia katika vilabu hivi, na mahali popote penye mlango usiogongwa na kila mtu, watu watajaza wenyewe kilichomo ndani.

Simba, macho na pesa

Lions nitaipitia haraka kwa sababu ni wimbo uleule. Melvin Jones alikuwa mwanachama wa kikundi cha wafanyabiashara, cha Chicago pia, kilichokuwepo ili wapeane wateja. Naye akauliza: watu wenye akili hivi wakiitumia kwa ajili ya mji, itakuwaje? Tarehe 7 Juni 1917 vikundi kadhaa vikakutana, Lions ikazaliwa. Kiwanis nayo ilianza kwa kupeana biashara kabla ya kugeuka. Vilabu vitatu, na kila kimoja kilikuwa kwanza duara lililofungwa, kisha mtu akalifungua.

Mbona Lions na macho? Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke Mmarekani aliyepoteza kuona na kusikia tangu utotoni, alisimama mbele ya mkutano wao Ohio akawaomba wawe mashujaa wa vipofu. Wakakubali. Kwa hiyo ukiona kampeni ya miwani au ya mtoto wa jicho yenye nembo ya simba wawili, mmoja akitazama huku na mwingine kule, ujue imetoka huko.

Pesa zinatoka wapi? Ada za wanachama, kwanza. Halafu Rotary ina mfuko wake wa dunia. Mwaka 1917 rais wao, Arch Klumph, alipendekeza waanze kuweka akiba ya kufanya mema duniani. Mchango wa kwanza ulitoka kwa klabu ya Kansas City: dola 26 na senti 50. Si elfu. Leo mfuko ule huchangia miradi ambayo klabu ya hapa huandaa pamoja na klabu ya nje, kwa mfano kisima au vifaa vya wodi ya wazazi. Hapo ndipo watu wanapoona kibao chenye gurudumu na kudhani kuna ofisi ya Wamarekani nyuma yake. Nyuma yake, mara nyingi, kuna mtu wa hapahapa mwenye kazi yake nyingine, anayeandika barua usiku.

Polio ndiyo inayoleta mkanganyiko mkubwa zaidi. Mama relais, yule wa mtaa anayejitolea kwa kazi za afya, anapita na sanduku la barafu, anadondosha matone, anatia wino kwenye kidole cha mtoto, anaandika kwa chaki kwenye mlango. Kwenye fulana au bango kuna gurudumu. Basi mtaa unasema: chanjo ya loji. Ukweli ni huu. Mwaka 1979 Rotary iliahidi kusaidia kuchanja watoto milioni 6 wa Ufilipino. Mwaka 1985 ikatangaza kampeni ya dunia, ikalenga kukusanya dola milioni 120. Kufikia 1988 ilikuwa imepata milioni 247. Mwaka huo OMS (Shirika la Afya Duniani), UNICEF na wengine wakaungana nayo, wakati polio ilipokuwa ikipooza watoto kama 350,000 kwa mwaka katika nchi 125. Rotary haitengenezi chanjo na haiamui ipi itumike. Inachangisha, inashawishi serikali, inatoa watu wa kusaidia siku za kampeni.

Na mbona bado wanakuja kuchanja, ikiwa Afrika ilitangazwa huru Agosti 2020? Kilichotangazwa kimekwisha ni kirusi cha asili, ambacho Kongo ilikiona mara ya mwisho mwaka 2011. Lakini yale matone yana kirusi kilichodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, kirusi hicho kinaweza kupita mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, kikibadilika, hadi kikapata nguvu ya kupooza tena. Dawa yake ni kuchanja watoto wote, nyumba kwa nyumba. Mtaa unaofunga milango kwa sababu ya gurudumu ndio unaokipa njia.

Nani anaingia?

Wanawake walifungiwa mlango kwa muda mrefu, na kwa hilo Rotary haina pa kujificha. Waliofungiwa walijijengea vyao: Zonta ilianza Buffalo mwaka 1919, Soroptimist ikaanza Oakland mwaka 1921. Klabu moja ya California, Duarte, iliingiza wanawake watatu mwaka 1977, ikafukuzwa. Ikaenda mahakamani, na Mei 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaipa haki. Mwaka 1989 Rotary ikabadilisha kanuni zake kwa dunia nzima. Vijana wana Interact tangu 1962 na Rotaract tangu 1968, na huko bei ya kuingia ni nafuu zaidi.

Bei, ndiyo. Kuanzisha klabu mpya ya Rotary kunahitaji watu wasiopungua 20, na kila mmoja atalipa ada za klabu, za wilaya na za dunia, kwa dola, pamoja na chakula cha mikutano. Mtu anayehesabu pesa ya taxi-bus kila asubuhi hawezi. Hiram Shorey alikuwa fundi cherehani, na mmoja kati ya wale wanne. Nimejiuliza mara nyingi kama fundi wa pale mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi, mwenye cherehani moja chini ya mwavuli, angealikwa leo katika mji wowote wa nchi hii. Nadhani angeombwa kwanza ashone sare za sherehe.

Mimi mwenyewe nilialikwa mara moja kama mgeni. Nilikwenda na yale maneno ya Katuba masikioni, siwezi kusema uongo. Kengele ikagongwa. Wakaimba wimbo wa taifa, wakala, daktari mmoja akazungumza nusu saa kuhusu kisukari, mtu wa hazina akataja majina ya wenye madeni na wenzake wakamzomea kwa kicheko. Wakabishana kwa muda mrefu kuhusu pampu ya kisima fulani: nani ataitengeneza, na kwa nini kamati ya mtaa imepoteza ufunguo. Kengele ikagongwa tena, watu wakatafuta funguo za magari yao. Saa moja na nusu, mwanzo hadi mwisho. Kitu pekee kilichonitisha jioni ile kililetwa na mhudumu wa hoteli, kwenye kisahani kidogo, kimekunjwa mara mbili: hesabu ya bia mbili za Simba nilizokunywa.